Vidole Vyangu, Jina la Dada

Jumatatu, 1 Septemba

Wametangaza kwa kipaza sauti mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki. Kuanzia tarehe kumi na tano, mwanamke ambaye mashine haivijui vidole vyake haingii ndani ya uzio. Hakuna kuingia, hakuna kuanika dagaa. Kijana mmoja akarudia kwa Kiha, kwa furaha, kama anayetangaza harusi. Tumewekewa chanja mpya za waya za kuanikia, bomba la maji, choo chenye mlango — na geti la chuma lenye kijisanduku cheusi pembeni. Maendeleo. Neno hilo limesemwa mara kumi na moja. Nilikuwa nahesabu!

Tarehe hawakuichagua ovyo. Sasa mwezi unajaa, mitumbwi ya taa inapumzika, hakuna dagaa wa kugombania, kwa hiyo hakuna wa kupiga kelele. Giza likirudi na mitumbwi ikiingia ziwani, sheria itakuwa imeshakaa. Wajanja hawa.

Abdulmajid kafurahi peke yake. Meza yangu iko barazani kwake, mbele ya mashine yake ya fotokopi. Anasema foleni ya fomu itafika mpaka msikitini. Inawezekana. Miaka thelathini nawajazia watu wa Ujiji fomu zao — zamani kwa taipu, siku hizi kwa kalamu, kesho sijui kwa nini.

Jioni dada yangu Bukuru kaniuliza kama ana la kuhofia. Nikamwambia hana, namba ya kitambulisho anayo tangu 2014. Akaridhika. Mimi ndiye msomi wa nyumba. Nikisema jambo la karatasi, basi limekwisha.

Nimechoka kuaminiwa.

Jumatano, 3 Septemba

Majaribio getini. Dada kaweka kidole gumba. Taa nyekundu. Cha shahada — nyekundu. Vyote kumi. Namba yake ipo, jina lipo, sura ipo kwenye kioo, ila vidole mashine inasema si vyake.

Hakuwa peke yake. Wanawake saba wamekataliwa. Kijana wa mashine akawaeleza kwa upole kabisa kwamba ni kazi: magamba, mchanga, waya, jua, miaka yote hiyo. Alama zimelika. Akatumia neno “kufutika”.

Dada kaja moja kwa moja barazani kwangu, kaiweka mikono yake juu ya fomu za watu. Tazama, Butoyi, eti nimefutika. Alikuwa anacheka, lakini mikono ameirudisha haraka chini ya kanga. Miaka hamsini na minane sijawahi kumwona akiionea haya mikono yake.

Ijumaa, 5 Septemba

Dawa za vidole zimekuwa nyingi kuliko za homa. Limau. Maji ya uvuguvugu. Mawese asubuhi na jioni, kisha usishike sufuria. Dada hajaosha chombo siku mbili, anaoshewa na mjukuu wake Lulu, yeye amekaa tu mkekani viganja juu. Wanne kati ya wale saba leo wamekubaliwa! Yeye bado. Kachukua kikombe kingine cha mawese.

Niandike hapa, maana sina mwingine wa kumwambia.

Sisi ni mapacha. Kwetu pacha wa kwanza ni Bukuru na wa pili ni Butoyi, hilo halijadiliwi. Mama alitulea kwa mstari: Bukuru kwanza. Aliogeshwa kwanza, alinyolewa kwanza, alichanjwa sindano kwanza, sahani yake ilipakuliwa kwanza. Mpaka leo tukienda msibani watu humpa mkono yeye ndipo wanipe mimi. Sijawahi kuona ubaya wake.

Mwaka 2014 waandikishaji wa vitambulisho walikaa Kasingirima siku tatu. Dada alikuwa Mwamgongo, binti yake kajifungua kwa shida, na ziwa lilikuwa limechafuka, boti hazitoki. Ikasemwa atakayekosa safari hii asahau. Nikachukua cheti chake cha ubatizo nikaenda kupanga foleni. Kwa nini chake na si changu? Kwa sababu Bukuru kwanza. Sikufikiri hata dakika moja. Nikaweka vidole vyangu, nikapigwa picha — sura ni ile ile — nikasema mimi ni Skolastika Bukuru. Nilidhani namwekea nafasi tu, kama tulivyozoea kliniki na kanisani. Kesho yake nikarudi na cheti changu. Nikaweka vidole. Karani akatazama kioo akasema, mama, wewe ulishajiandikisha jana. Foleni yote ikacheka. Na mimi nikacheka, nikaenda zangu nyumbani.

Miaka kumi na moja! Laini yangu ya simu imesajiliwa kwa jina lake. Esther Butoyi hayumo popote. Dada nilimpa namba, nikasema cheti kilitosha; ya vidole sikumwambia. Mwanzo ilikuwa aibu, baadaye uvivu, baadaye ikawa kawaida.

Na mashine haijakosea. Hilo ndilo linaloniudhi. Ingekuwa imekosea ningeitukana barazani mchana kutwa na watu wangenishangilia.

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya misa, mkutano wa kampeni mwaloni. Mgombea udiwani, Bwana Pastory, kavaa miwani nyeusi na kusimama juu ya kreti ya soda. Anasema enzi za upendeleo zimekwisha, mashine haina shemeji. Makofi. Nami nilipiga, nitafanyaje, hilo ni kweli. Zamani chanja ziligawiwa na mama mmoja aliyewapa wakwe zake zote za karibu na maji, sisi tukabaki huku kwenye mavumbi. Zamani tulinyimwa kwa upendeleo, sasa tutanyimwa kwa usawa. Sijui kama ni hatua.

Mama mmoja kauliza juu ya vidole vinavyokataa. Bwana Pastory akajibu kwamba changamoto imepokelewa. Kisha akashuka, akaikamata mikono ya dada yangu — ilikuwa inang'aa mawese — akaiinua juu akasema mikono hii ndiyo iliyoijenga nchi. Wakapiga picha. Akajifuta kwa leso.

Dada kapewa kofia. Nami nimepewa, ila ndogo, hainiingii.

Mwaloni wamebandika tangazo jipya: chanja ambayo mwenyewe hajaingia siku kumi tangu kufunguliwa itagawiwa mwingine. Kumi na tano mpaka ishirini na tano. Dada hana kazi nyingine. Hana mume, hana shamba, ana ile chanja na wajukuu watatu.

Jumanne, 9 Septemba

Nimemwambia.

Alikuwa uani anapaka mafuta. Nilianza kwa kuzunguka, akasema sema basi, nikasema yote kwa mkupuo mmoja. Kasingirima, cheti, vidole, laini ya simu. Akaweka kikombe cha mawese chini. Kisha akauliza, “Kwa hiyo mikono yangu haina kosa?”

Nikasema haina.

Akainuka. Akanawa mikono kwa sabuni na majani ya mgomba mpaka mawese yote yakatoka. Kisha akaosha vyombo vyote vya nyumba, hata alivyokwisha kuosha Lulu, mwenyewe, kwa kelele. Lulu alitaka kumsaidia akafukuzwa.

Nilisubiri matusi. Ningeyapokea. Badala yake akasema, akiwa bado amenipa mgongo, kwamba shule aliniachia, na hili nalo angeniachia kama ningemwomba. Hakuwa na hasira. Ndiyo maana siwezi kuandika zaidi leo.

Alhamisi, 11 Septemba

Tumekwenda wote ofisi ya vitambulisho. Saa mbili tulikuwa mlangoni, mfumo ukaamka saa tano. Ofisa ni binti, Diana, ana adabu, shikamoo kwa kila mmoja wetu, Bukuru kwanza bila hata kuambiwa. Nikamweleza.

Akafunga mlango. Akasema, “Mama zangu, haya mliyoniambia nikiyaandika ni kosa la jinai. Namba inafungwa, nyote wawili mnaanzia sifuri mbele ya kamati ya uraia.”

Kisha akamuuliza dada kama amewahi kuishi nje. Dada akajibu kweli, yeye hajui kujibu vingine: aliolewa Rumonge, Burundi, akakaa miaka minane, akarudi tisini na tatu na mtoto mgongoni. Hata namna alivyolitamka jina la Rumonge — kama mwenyeji! Diana akashika kichwa. Dada hana cheti cha kuzaliwa, hana cheti cha shule, miaka minane ng'ambo, na anaongea hivyo. Nimewajazia fomu wengi waliopita mbele ya kamati ile. Wapo waliozaliwa hapa na babu zao wakazikwa hapa, wakatoka pale wakiwa wageni.

Mwishoni Diana akasema jambo akitazama dirishani. Mfumo unanijua mimi kama Bukuru. Nibaki hivyo. Dada aombe upya, kwa jina la Esther Butoyi, kwa vyeti vyangu: ubatizo, darasa la saba. Butoyi hajawahi kutoka Ujiji. Vidole vya dada ni vipya, havijawahi kugusa mashine ile kwa mafanikio. Kila kitu kitakaa sawa. Akaongeza kwamba yeye hajasema kitu.

Kwa hiyo ukweli ni kosa la jinai, na uongo ni utaratibu.

Ijumaa, 12 Septemba

Dada kakataa. Hawezi kuitwa kwa jina la mdogo. Kasema mama yetu atamtazamaje. Kisha kaenda kuchota maji.

Jumatatu, 15 Septemba

Siku ndefu. Miguu inawaka.

Mitumbwi imerudi imejaa. Abdulmajid nilimweleza yote jana, na wazo likawa lake: kama geti linavitaka vidole vyako, nenda kaliwekee. Nikaazima kanga za dada, nikafunga kitambaa chake. Nikaweka kidole. Taa ya kijani! Na kijisanduku kikasema kwa sauti ya mwanamke wa mjini, karibu, Skolastika Bukuru. Nikaingia. Geti likajifunga nyuma yangu.

Dada alibaki nje ya uzio. Na mimi sijui kuanika dagaa. Aibu gani hii, kuzaliwa Ujiji na sijui! Nilikuwa mtoto wa daftari, nilipewa tu waliokwisha kukauka. Nikamwaga ndoo nzima mahali pamoja, wakarundikana. Dada akawa anaelekeza kupitia waya kwa mayowe: tandaza, si hivyo, wapishane, geuza wa chini, wewe Butoyi wewe! Wanawake wote wakacheka. Walinzi nao. Kufika saa sita dagaa wangu walikuwa wamevunjika vichwa na wengine wameanza kunuka. Dada alikuwa ameshika waya kwa mikono yote miwili.

Msimamizi akaja. Si mjinga. Anatujua tangu akivaa suruali fupi. Alisema taratibu kwamba leo hajaona, kesho akiona ataandika. Na kuingia kwangu leo hatakuhesabu kuwa dada kaingia.

Nilipotoka dada alinipokea ndoo. Sikumwambia pole, lingekuwa tusi.

Jumatano, 17 Septemba

Leo dada kaja barazani na kusimama nyuma ya wateja, kama mteja. Zamu yake ilipofika akasema, “Jaza.”

Nikauliza nijaze nini.

“Fomu. Esther Butoyi.”

Maelfu ya fomu nimejaza, na hii nimeiharibu mara mbili. Jina la mwombaji: Esther Butoyi. Elimu: darasa la saba, 1982. Amewahi kuishi nje ya nchi: hapana. Mahali pa sahihi nikamwonyesha, akaandika E kubwa, kisha akasimama. Nikamwandikia herufi zilizobaki kwenye karatasi nyingine, akazinakili moja moja, ulimi nje. Abdulmajid alikuwa anatazama. Akajifanya anabadilisha wino.

Kamati ni Jumatano ijayo. Diana amesema wakiridhika, vidole vinachukuliwa palepale na namba inatoka siku hiyo. Kisha mimi, yaani Bukuru, nitaandika barua kumpa mdogo wangu chanja. Siku moja kabla haijachukuliwa.

Ameondoka bila kula muhogo niliomnunulia.

Jumapili, 21 Septemba

Mazoezi uani. Mimi kamati, yeye mimi. Nikamuuliza jina, akasema Esther Butoyi, macho chini. Nikamuuliza shule — akaanza! Mwalimu mkuu nani, dawati lilikuwa la wangapi, mwalimu wa hesabu aliyekuwa anatutupia chaki, shairi la darasa la nne lote, tangu mwanzo mpaka mwisho. Lile mimi mwenyewe nimelisahau. Nikamuuliza kayatoa wapi. Akashangaa. Kasema mimi nilikuwa nikirudi kila jioni namsimulia, yeye anatwanga.

Aliachishwa shule darasa la tatu, mama alipougua. Ilibidi mmoja abaki. Safari ile tu ndipo Bukuru hakuwa wa kwanza, na hakuna aliyeona ajabu. Mimi nilikwenda shule siku iliyofuata na sketi yake, kwa kuwa ilikuwa nzima kuliko yangu.

Nimelia mbele yake. Kasema nisiharibu mazoezi.

Tatizo lililobaki ni maneno. “Ego” inamtoka kila mahali badala ya ndiyo. Ego ni Kiha pia, nimemwambia, lakini wale watasikia Rumonge. Tumerudia ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka Lulu naye akaanza kutuitikia toka jikoni.

Jumatatu, 22 Septemba

Wateja thelathini na moja. Wote vidole. Bwana Pastory kabandika mabango mapya barabara yote ya Ujiji, na kwenye moja ni ile mikono ya dada, imeinuliwa juu. Sura yake imekatwa. Nilisimama pale mpaka muuza maji akaniuliza kama naumwa.

Jumatano, 24 Septemba

Benchi la nje, ofisi ya kata. Nimekuja na daftari ili nisitafune kucha. Tumefika saa mbili, sasa ni saa saba kasoro. Walioingia mbele yetu: sita. Waliotoka wakitabasamu: wawili. Mmoja ni mzee aliyekuwa na mimi shule moja, katoka ameshika kofia, hakunisalimu.

Dada kavaa gauni langu la kitenge. Linambana mabegani, yeye ana mabega ya kazi. Muda wote alikuwa anavifuta vidole kwenye leso, nikamwambia ni vizima, acha. Kaacha. Baadaye kaanza tena.

Wameita: Esther Butoyi!

Nilikaribia kuinuka. Yeye ndiye aliyenikandamiza goti, akainuka mwenyewe, akaingia.

Dirisha liko wazi kwa sababu ya joto. Nasikia. Kamati watu watano, mwenyekiti ni Mzee Castory, mstaafu wa reli. Sauti yake haina ubaya. Anauliza jina. Esther Butoyi. Mama yako alizaliwa wapi. Mto gani uko karibu. Dada anajibu. Ndiyo, mzee. Ndiyo. Hakuna ego hata moja!

Shule. Anasimulia ya chaki. Wamecheka! Mmoja kasema naye alipigwa chaki na mwalimu yule yule. Wameanza kuzungumza kama watu waliokutana sokoni. Mwingine anauliza darasa la saba alipata ngapi kwenye hesabu, na dada anataja alama zangu, zile zile, kwa sauti ya maringo kidogo. Mungu wangu. Anayapenda masomo yale. Ameyapenda miaka yote hii.

Diana kapita koridoni na ile mashine mkononi, kaingia nayo ndani. Maana yake wameridhika. Nasikia waya unachomekwa. Mzee Castory anasema umebaki ushuhuda wa ndugu tu, yule aliye nje, aje aweke sahihi, tumalize watu wakale.

Karani katokeza mlangoni na karatasi. Kanitazama mimi, kasoma jina.

“Skolastika Bukuru!”

“Abee!”

Si mimi. Ni dada, huko ndani.

Karani kageuka kutazama ndani, kisha kanigeukia mimi, na mimi bado nimekaa, kalamu mkononi, sijaitika. Sasa anaita tena, polepole, na hajui amtazame nani.